Sindano Haina Sikukuu

Kabla jua halijachomoza nyuma ya kilima cha Mbuya, wakati malori yanapoteremsha ndizi na nyanya katika soko la Nakawa, kando ya barabara kuu iendayo Jinja, zipo nyumba ambamo taa huwashwa kwa sababu isiyohusu biashara. Mzazi huamka, hunawa mikono, humgusa mtoto begani, kisha humtoboa ncha ya kidole ili lipatikane tone moja la damu. Tone hilo huwekwa katika kijikaratasi cha mashine ndogo, na baada ya sekunde chache mashine husema sukari ya mtoto imefika wapi. Hapo ndipo siku inapoanza kwa mzazi wa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Kesho itaanza vivyo hivyo, na keshokutwa, na siku ya Krismasi, na siku ya Idi, na siku ya msiba.

Watu wengi wamezoea kuudhani ugonjwa wa kisukari kuwa ni wa watu wazima, hasa wale waliojaliwa mwili na mali. Aghalabu hawaamini waambiwapo kwamba hata mtoto anyonyaye aweza kuupata. Kutoamini huko ndiko kulikowazika watoto wengi kabla ugonjwa wao haujapewa jina.

Ifikiriwe nyumba moja katika tarafa ya Nakawa, mojawapo ya tarafa tano za jiji la Kampala. Ni vyumba viwili vya kupanga, vile ambavyo wenyeji huviita muzigo, vyenye paa la mabati na ua unaotumiwa na majirani wote. Baba ni dereva wa lori, na yamkini juma zima hupita yuko njiani kati ya Malaba na Mombasa. Mama ana meza ya mboga sokoni. Pamoja nao anaishi mama mzazi wa baba, ambaye wajukuu humwita jaja, kama ilivyo desturi ya Waganda. Watoto ni watatu, na wa kati ni msichana wa miaka minane. Nyumba hii si ya mtu maalumu. Ni mfano tu, lakini kila kitakachosimuliwa juu yake hutokea katika nyumba za kweli.

UGONJWA ULIVYOINGIA

Msichana huyo alikuwa ameacha kukojoa kitandani tangu umri wa miaka mitatu. Ghafla akaanza tena. Mama alidhani ni uvivu, akamwonya, ilipoendelea akamchapa. Kisha akamkataza kunywa maji baada ya magharibi, na kikombe akakificha. Usiku mtoto aliamka akanyata hadi kwenye dumu la maji, akanywa kwa kiganja. Kiu yake haikuwa ya mchezo. Alikuwa akila vizuri, pengine kuliko kaka yake, ilhali gauni la shule lilizidi kumpwaya kila juma.

Jaja alisema mtoto amerushiwa jicho baya. Jirani mmoja alisema ni minyoo, mwingine akanong'ona jina la UKIMWI. Mtoto alipoanza kutapika na kulalamika tumbo, mama alimpeleka kwenye duka la dawa akapewa dawa ya malaria, kwani katika nchi hizi mtoto anayetapika na kulegea hudhaniwa kwanza kuwa ana malaria. Siku mbili baadaye alikuwa akipumua kwa kina na kwa haraka kama mtu aliyekimbia, na pumzi yake ilinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hapo ndipo alipopakiwa kwenye bodaboda katikati ya mama yake na dereva, akakimbizwa hospitali akiwa hana tena nguvu ya kuinua kichwa. Muuguzi aliyempokea aliinama, akainusa pumzi ile, akachukua mashine ya kupimia sukari. Sukari ilikuwa imepanda kupita uwezo wa mashine kuihesabu.

Msichana aliokolewa kwa maji ya mishipani na insulini. Wengine hawakubahatika. Kwa hiyo yafaa kila mzazi azikariri dalili hizi nne kama akaririvyo majina ya wanawe: kukojoa mara kwa mara, kiu isiyokatika, kukonda, na uchovu. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akaanza upya asichapwe, apimwe sukari. Kipimo chenyewe ni tone moja la damu na hakichukui hata dakika moja. Kwa mtoto mwenye dalili hizo, sukari ya milimoli 11.1 kwa lita au zaidi, katika saa yoyote ile, yatosha kumfanya daktari atamke jina la ugonjwa.

SI KOSA LA MTU

Alipokuwa amekaa kando ya kitanda cha hospitali, mama hakuulizia kwanza bei ya dawa. Aliuliza kama fimbo zake ndizo zilizomdhuru mtoto, au chai yenye sukari nyingi, au mandazi ya sokoni. Swali hilo huulizwa na wazazi karibu wote, na jibu lake lapasa kutolewa bila ya kuzungukazunguka: la, si hivyo.

Tumboni, nyuma ya mfuko wa chakula, kipo kiungo kiitwacho kongosho. Ndani yake mna chembe zinazotengeneza insulini, na insulini ni mfano wa ufunguo unaoiruhusu sukari ya damu iingie katika misuli na viungo vingine ili iwe nguvu. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka ikazishambulia chembe hizo hadi ziishe. Sukari hubaki katika damu ikafurika hadi kwenye mkojo, nayo huvuta maji. Ndiyo sababu ya kukojoa na ya kiu. Mwili, ukiwa na njaa katikati ya shibe, huanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe, na mafuta yayeyushwapo ovyo hutoa asidi inayoitia damu sumu. Hakuna soda wala pipi inayoanzisha vita hivyo. Hakuna mzazi aliyevisababisha, na hata leo hakuna anayejua namna ya hakika ya kuvizuia.

Ugonjwa huu si mgeni Kampala. Daktari Albert Cook, mmisionari aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, aliandika mwaka 1901 kwamba kisukari hakikuwa kikionekana sana katika Uganda, lakini kilipoonekana kiliua. Hakuwa na la kufanya. Ilikuwa hivyo London na New York pia, hadi mwaka 1921, Frederick Banting na Charles Best walipofanya majaribio yao huko Toronto, Kanada. Mwezi Januari 1922 mvulana mmoja aitwaye Leonard Thompson alidungwa insulini, akawa mgonjwa wa kwanza kurudishiwa uhai kwa dawa hiyo. Waliohusika waliiuzia haki ya ugunduzi wao Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja tu, ili dawa isije ikawa mali ya wachache. Siku ya kuzaliwa kwa Banting, tarehe 14 Novemba, ndiyo Siku ya Kisukari Duniani hadi leo.

Insulini basi imetimiza zaidi ya miaka 100. Lakini kuwako kwa dawa duniani si sawa na kuwako kwake nyumbani. Mwaka 2009 Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuingizwa katika mpango wa kuwapatia watoto wenye kisukari insulini, mashine za kupimia na mafunzo bila ya malipo, na tangu hapo kliniki za watoto hao zimekuwako katika hospitali kadhaa nchini. Mzazi aliyeambiwa leo kwamba mwanawe ana ugonjwa huu aulize mara moja hospitalini: kliniki ya kisukari ya watoto iko wapi, na hukutana siku gani? Swali hilo moja laweza kuokoa mapato ya nyumba nzima.

DAWA NYUMBANI

Watoto wengi hupewa insulini iliyochanganywa, yenye rangi ya maziwa, nao hudungwa mara mbili kwa siku: kabla ya chakula cha asubuhi na kabla ya chakula cha jioni. Kichupa hubingirishwa polepole kati ya viganja hadi dawa ichanganyike; hakitikiswi kwa nguvu. Sindano huingizwa kwenye nyama laini ya paja, tumbo, tako au mkono wa juu, na mahali hubadilishwa kila mara. Mtoto adungwaye pale pale kila siku huota uvimbe chini ya ngozi, na dawa iingiayo humo haifiki damuni kama ipasavyo. Sindano zilizotumika zisitupwe jalalani ambako watoto wa mtaa huokota vitu vya kuchezea. Ziwekwe ndani ya dumu gumu lenye kifuniko na kurudishwa kliniki.

Swali la pili la mama wa Nakawa lilihusu jokofu. Hana. Hata wenye majokofu, umeme ukatikapo hawana wanachowazidi wengine. Kichupa ambacho hakijafunguliwa hutakiwa kukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, bila ya kuganda kamwe, maana insulini iliyoganda imeharibika. Lakini kichupa kinachotumika huvumilia zaidi ya ilivyodhaniwa zamani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières walipima joto la nyumba za wakimbizi katika kambi ya Dagahaley, huko Dadaab, kaskazini mashariki ya Kenya, wakaiweka insulini katika joto kama hilo, lenye kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Matokeo yao, yaliyotangazwa mwaka 2021, yalionyesha kwamba baada ya majuma manne dawa ilikuwa na nguvu ile ile ya dawa iliyokaa jokofuni. Kampala, mji wa vilima, haina joto la Dadaab.

Hata hivyo chumba cha mabati huwaka mchana, na tahadhari haina hasara. Mama alinunua vyungu viwili, kimoja kidogo na kimoja kikubwa. Kidogo alikiweka ndani ya kikubwa, akajaza mchanga katikati, akaumwagilia maji mchanga huo asubuhi na jioni. Kichupa, kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa ili maji yasikiingie, hukaa katika chungu cha ndani chini ya kitambaa chenye unyevu. Ni maarifa yale yale ya mtungi wa maji ya kunywa ambayo kila jaja anayajua.

KIPINDI CHA NAFUU

Juma la sita baada ya kutoka hospitali, jambo la ajabu lilitokea. Sukari ya mtoto ilianza kushuka yenyewe. Daktari alipunguza kipimo cha dawa, akapunguza tena, hata zikabaki yuniti chache tu. Mtoto alinenepa, alicheka, aliruka kamba uani. Majirani walisema amepona. Jaja alikuwa amekwenda kwa mganga wa miti shamba, na ndugu wengine walikuwa wamefanya maombi ya usiku kucha. Kila upande ulidai shukrani.

Hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote katika ugonjwa huu, na wazazi wachache huonywa mapema. Insulini ya sindano inapolipumzisha kongosho, zile chembe chache zilizosalia hupata nguvu ya muda, zikafanya kazi tena. Nafuu hiyo yaweza kudumu majuma au miezi, kisha huisha, kwa sababu vita vya kinga ya mwili havikukoma. Aliyekunywa dawa ya miti shamba katika kipindi hicho ataapa kwamba dawa ile imemponya. Aliyeombewa atasimama kutoa ushuhuda. Wote wawili husema wakionacho kwa macho yao, na wote wawili wamekosea.

Siku moja mama alipokuwa sokoni tangu alfajiri, jaja alikificha kichupa. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Alichoka kumwona mjukuu wake akitobolewa kama mto wa kuchomekea sindano, naye aliamini kwa moyo wake wote kwamba ugonjwa umekwisha. Jioni alimwambia mkwewe kwamba mtoto amekwisha kudungwa. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu mtoto alitapika, na ile harufu ya matunda ikarudi. Bodaboda ikaitwa tena.

Safari hii daktari hakumkemea jaja mbele ya watu. Alimkalisha kwenye benchi, akamweleza kwa lugha yake kwamba kumnyima mtoto huyu insulini ni sawa na kumnyima hewa, tofauti ikiwa ni kwamba kifo huchukua siku chache badala ya dakika chache. Dua iendelee, alisema, na sindano iendelee; haijapata kutokea dua ikabatilishwa na sindano. Jaja alilia. Kisha akasema: "Basi mnifundishe na mimi."

KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA

Maneno hayo ya jaja ndiyo yaliyopaswa kutamkwa tangu siku ya kwanza, wala si na yeye peke yake. Kosa la mama lilikuwa kosa la upendo: alikuwa amejitwika mzigo wote. Yeye ndiye aliyejua kupima, kudunga, kuhesabu na kukumbuka. Hakumfundisha jaja akidhani ni mzee, hakumfundisha mumewe akidhani hayupo, hakumweleza mwalimu akiogopa mtoto kuchekwa. Mzazi wa namna hiyo haugui, hafiwi, hasafiri, hapati usingizi. Na siku atakaposhindwa, mtoto atakuwa mikononi mwa watu wasiojua kitu.

Alianza na jaja. Macho yake hayakuweza kusoma mistari midogo ya bomba la sindano, kwa hiyo iliamuliwa kwamba mama akiwa mbali, bomba litajazwa na kijana jirani anayesoma chuo, huku jaja akisimamia saa na chakula. Katika mambo hayo mawili jaja alikuwa hodari kuliko wote.

Watu husema mgonjwa haulizwi uji. Jaja aliishi kwa methali hiyo: amwonapo mtoto amelegea, humletea uji mtamu bila ya maswali. Sasa alifunzwa kwamba mgonjwa huyu huulizwa, tena kila mara. Je, umepimwa? Umedungwa? Umekula lini? Mtoto mwenye kisukari hakatazwi matoke, wala posho, ambayo ndiyo ugali, wala muhogo, viazi vitamu na wali. Vyote hivyo hugeuka sukari mwilini, kwa hiyo kinachotakiwa ni kiasi kisichobadilika sana, katika saa zisizobadilika sana, pamoja na maharage, mchuzi wa karanga, dagaa au yai, na mboga za majani kwa wingi. Soda na chai iliyokolea sukari huachwa, isipokuwa wakati wa hatari ya sukari kushuka. Na jambo hili lafaa kwa nyumba nzima: haifai mtoto mmoja aletewe chai kavu huku wenzake wakilamba vijiko. Chakula kiwe kimoja, naye hatajiona mtu wa adhabu.

Kanuni iliyo juu ya zote ni hii: sindano ikishaingia, chakula lazima kifuate. Dawa iliyomo mwilini haijui kwamba mkaa umekwisha, au kwamba mama amechelewa sokoni. Itaendelea kuishusha sukari hata isibaki ya kuutosha ubongo.

Kinyume chake, mtoto akiugua homa au akitapika, wengi hudhani kwamba madhali hakula, asidungwe. Hilo ni kosa la hatari. Ugonjwa huipandisha sukari hata tumbo likiwa tupu. Siku kama hiyo sukari hupimwa mara nyingi zaidi, maji hunywewa kwa wingi, kliniki huulizwa juu ya kipimo cha dawa, na insulini haiachwi kabisa. Atapikaye mfululizo apelekwe hospitali bila ya kungoja kesho.

SHULENI

Mwalimu wa darasa aliitwa kando, akaelezwa mambo matatu. La kwanza, mtoto huyu akiomba ruhusa ya kwenda chooni au kunywa maji asikataliwe. La pili, asikose chakula cha mchana hata kama ada ya chakula haijalipwa. Deni hudaiwa mzazi, haliwezi kudaiwa tumbo lililokwisha kudungwa insulini. La tatu, na kubwa zaidi, akitetemeka, akitoka jasho, akipumbaa, akilia bila ya sababu au akawa mkali ghafla, asiadhibiwe kwa utovu wa nidhamu. Sukari yake imeshuka.

Sukari ikiwa chini ya 4, dawa yake imo katika kila jiko: vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu kikombe cha maji, au kiasi kama hicho cha soda ya kawaida. Kwa mtoto mdogo sana hutosha pungufu ya hapo. Hungojwa dakika 15, hupimwa tena, na ikiwa bado iko chini hurudiwa. Kisha hula kitu cha kushika tumbo, kama kipande cha muhogo au mkate. Aliyezimia asinyweshwe kitu, maana atapaliwa. Alazwe ubavu na kukimbizwa hospitali. Mtoto mwenyewe awe na pipi au sukari mfukoni wakati wote, hasa siku ya mpira au mbio, kwani michezo huishusha sukari. Michezo asikatazwe. Acheze akiwa amekula.

Mwalimu alikuwa na hofu kwamba wenzake watamtenga. Lakini alipolieleza darasa zima kwa maneno mepesi, rafiki wawili wa msichana walijitwalia kazi ya kumwangalia usoni kila kipindi. Aibu hukua gizani. Ikiletwa mwangani mara nyingi hunyauka.

USIKU WA MSIBA

Miezi kadhaa baadaye mama alifiwa na kaka yake kijijini. Ilimbidi alale msibani usiku mmoja, wa kwanza mbali na mtoto tangu ugonjwa uanze. Baba alikuwa njiani. Mama alipanda basi akiwa na hofu mbili moyoni, ya maiti aliyemwendea na ya mtoto aliyemwacha.

Jioni ile kijana jirani alilijaza bomba, mtoto akajidunga mwenyewe pajani mbele ya jaja, akala. Lakini alikuwa amecheza uani mchana kutwa, na hakula sana. Kiasi cha saa nane za usiku jaja aliamka. Kilichomwamsha ni godoro kuwa na unyevu. Zamani angedhani mtoto amekojoa. Alipapasa shingo ya mjukuu wake, akaikuta inatiririka jasho baridi. Alimwita, mtoto akajibu maneno yasiyoeleweka, lakini alijibu, na aliweza kumeza. Jaja hakuhangaika na mashine. Vijiko vitatu, nusu kikombe cha maji, kwa mikono iliyokuwa ikitetemeka kuliko ya mtoto. Kisha akamgongea jirani, wakangoja pamoja, wakapima, wakampa tena, na mwishowe mtoto akaomba muhogo.

Mama alirudi kesho yake adhuhuri akamkuta msichana anaruka kamba. Jaja alimpokea mzigo, akampa pole ya msiba, kisha akamwambia: "Ilishuka usiku. Tukaipandisha." Alimaliza hapo, akarudi kumenya matoke.

ATAKAPOKUA

Msichana huyo siku moja atakuwa na miaka kumi na minne, atachoka, ataficha vipimo vibaya, pengine ataruka sindano kwa makusudi ili afanane na wenzake. Wazazi wengi hupambana na umri huo kwa ukali. Ukali humfundisha mtoto kudanganya. Ni afadhali kipimo kibaya kipokewe kama habari, kisipokewe kama kosa: sukari imepanda, basi tufanye nini? Kazi nazo zikabidhiwe kidogo kidogo. Leo atoboe kidole mwenyewe, mwakani ajaze bomba huku mkubwa akitazama, na hata akiwa kijana mkubwa mzazi asijitoe kabisa. Shule ya bweni isichaguliwe mpaka ijulikane nani huko atatunza dawa, na nani ataamka usiku.

Baba naye ana sehemu yake. Dereva aliye Mombasa hawezi kushika sindano, lakini anaweza kupiga simu kila jioni na kuuliza swali moja, sukari ilikuwa ngapi, bila ya lawama katika sauti. Anaweza kukumbuka kwamba kichupa kinakaribia kwisha. Mtoto anayeulizwa na baba yake hujua kwamba ugonjwa wake si aibu ya mama peke yake.

Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza aweza kusoma, kufanya kazi, kuoa au kuolewa, na kuzeeka. Dawa ipo na maarifa yapo. Ila sindano haina sikukuu, na mwanadamu mmoja hawezi kuishi bila ya sikukuu. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa namna hii asimalize juma hili kabla hajamfundisha mtu mmoja zaidi: bibi, kaka, jirani au mwalimu. Amwonyeshe dalili za sukari iliyoshuka, amwonyeshe vijiko vitatu, amwonyeshe kichupa kilipo. Somo hilo ni la saa moja tu.